Mzee Koleza na Kijiko cha Kuonjea

Ndugu waombolezaji, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Koleza, alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akaajiriwa kuosha masufuria katika hoteli ya stesheni, na hata ndevu hazijamwota vizuri akawa mpishi ambaye watu walikula chakula chake wakijilamba vidole.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 12 Juni 1982, wakajaliwa sisi wanaume wawili na kitinda mimba wetu wa kike, kipenzi cha baba bila kificho.

Mwezi Agosti 2016 figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, akaambiwa apunguze chumvi, maana huleta kiu, na maji yasiyo na pa kutokea huvimbisha miguu na kuuelemea moyo. Daktari alimwonya kwamba asipoipunguza huenda asiione harusi ya kitinda mimba, ambayo baba alikuwa ameapa kuipikia mwenyewe. Mama alimpikia bila chumvi kabisa, lakini kila akipanda mzani kilo ziko juu, na lawama zote zikamwangukia mama, maskini, hadi muuguzi wa mashine alipomuuliza baba kazini anafanyaje, naye akajibu kwa majivuno kwamba hakuna sufuria inayotoka jikoni kwake bila yeye kuionja, tangu asubuhi hadi jioni! Kumbe chumvi ilikuwa inapitia hapo! Baba alimwomba mama radhi palepale, wagonjwa wote wakisikia.

Kuanzia hapo kuonja akamwachia msaidizi wake, chakula chake akakikoleza kwa limau, tangawizi na kitunguu saumu, mwanzoni akinung'unika kwamba anatafuna pamba, kisha ulimi ukazoea, kiu ikapungua, miguu ikaingia viatuni, na tarehe 9 Desemba 2017, siku ya harusi ya kitinda mimba, alisimama jikoni, ndugu zangu, alisimama mpaka mgeni wa mwisho akashiba!

Baba alifariki tarehe 21 Mei 2024, nyumbani, usingizini, baada ya moyo wake kusimama.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wapishi wenzake, na wagonjwa wenzake wa mashine, ambao leo wamepika chakula chetu kama alivyowafundisha kupika bila chumvi, chumvi yenyewe ikiwa kwenye meza ya mwisho kule nje, na aliyeagiza iwekwe mbali ni marehemu mwenyewe.

Pumzika kwa amani, baba, umetulisha vya kutosha.