Karavani Iliyokataa Kushusha Maji

Benchi lenyewe lilikuwa mbao moja juu ya madebe mawili, mbele ya jiko langu la kahawa, kando ya barabara ya Thika pale Ruiru. Mwaka wa hamsini na nane. Siku hizi hapo pana duka la simu, watu wananunua na kuondoka bila hata kubishana. Wakati ule mtu hakuondoka mpaka ashindwe.

Jumamosi hiyo asubuhi ubishi ulikuwa wa karavani. Mzungu mmoja mpima ardhi aliishi na mke wake ndani ya ile nyumba ya magurudumu, ng'ambo ya barabara. Sinki lao lilikuwa halishushi maji. Uchafu ulisimama humo siku tano, ukanuka mpaka kwangu. Fundi wa bomba alikuwa Kimeu, Mkamba mpole aliyeletwa kutoka Thika Jumatano. Aliambiwa maji yasipoteremka kabla ya saa sita Jumamosi hiyo, kazi hana, na ufunguo wa chumba alichopewa kulala na mkewe aurudishe. Mke wake Mwongeli alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kimeu alikuwa amefanya yote. Alifungua bomba, akapitisha waya, akatoa mafuta ya nyama na majani ya chai. Tangi la maji machafu alilimwaga akaliosha kwa magadi, na kile kibomba cha kupumulia juu ya paa alikipuliza mpaka mashavu yakauma. Hakuna kilichoziba. Maji yakakaa tu.

Bedan, tuliyemwita Karani kwa sababu ya kalamu mfukoni isiyo na wino, alisema ni sabuni ya Ulaya, inaganda ikipata baridi ya Ruiru. Odhiambo, aliyeitwa Gari Moshi kwa kuwa aliwahi kufagia mabehewa, alimcheka.

— Omera, ile ni behewa. Behewa likisimama, maji nayo yanasimama. Ivutwe.

— Ivutwe na nini?

— Ng'ombe sita. Mpaka Thika na kurudi.

— Na memsahib akiwa ndani anaosha vyombo?

— Si ndiyo dawa yenyewe.

Karani hakukubali kushindwa. Akasema sita hawatoshi, ni wanane, na wapitie Juja, maana udongo wa huko unavuta maji. Aliona kisima huko kikinywa ndoo yake chenyewe. Kimeu akauliza hao ng'ombe watapatikana wapi. Hapo nikajua mtu amekwisha.

Ndipo akaja Ngina, mwanamke wa Murera tusiyemjua siku hiyo, na mzigo wa nduma mgongoni. Akaketi apumzike, akanywa kidogo, akatazama ng'ambo.

— Mama, ule upande wa mlango mmeuinua kwa mawe ya nini?

Jumatatu, kabla Kimeu hajaja, mvua ilinyesha, karavani ikazama topeni upande wa mlango. Karani na Gari Moshi waliisukuma, wakainua upande huo juu sana kwa mawe, kama tunavyoinua ghala la mahindi. Walipewa sukari ratili moja moja. Na mimi ndiye niliyesimama nikisema jiwe gani liende wapi. Tangi liko chini ya mlango, sinki liko upande wa pili. Tulikuwa tumeyaambia maji yapande mlima.

Karani alitazama kalamu yake. Gari Moshi aliinama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndara za tairi. Kimeu alitutazama mmoja mmoja, akaiacha kahawa, akavuka na jembe kuyachimbua yale mawe. Kufika saa tano na nusu tulisikia sinki likinguruma mpaka barabarani.

Kahawa yake niliirudisha birikani. Bedan akainywa, akasema leo imekolea.

Mwongeli alizalia chumba kile kile, msichana. Kimeu alikaa Ruiru miaka kumi na miwili, akapita hapo kila asubuhi akitusalimu vizuri, na hakuketi tena. Mimi nilimwachia nafasi mwisho wa benchi. Odhiambo akiweka kofia yake hapo, namwambia aitoe.