Safu ya Tatu Haimo Daftarini

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

DADA: Dada yako. Simu ya jirani hii, vocha kiduchu, nisikilize.

MWALIMU: Shikamoo da—

DADA: Kaa nayo shikamoo yako! Mwanangu kafungwa bandeji jicho la kushoto.

MWALIMU: Ati? Kafanyaje?

DADA: Nataka kupika sabuni, ndoo ya plastiki imepasuka. Nikamuuliza, soda kostiki niikoroge kwenye sufuria ya alumini? Akanijibu kifua mbele: "Mjomba katufundisha darasani. Oksidi za metali ni besi. Ganda la sufuria ni oksidi ya metali, kostiki nayo besi. Besi kwa besi hazigombani."

MWALIMU: Mkaikoroga humo?

DADA: Ikachemka bila moto! Povu likapanda, likamrukia usoni.

MWALIMU: Mlimwosha?

DADA: Maji ya bomba nusu saa, ndipo zahanati. Daktari anasema mpaka kesho ajue kama linaona. Nikafungua daftari lake—

MWALIMU: Dada, mtandao unakwaru—

DADA: Unanisikia vizuri tu! Safu mbili. Asidi. Besi. Alumini umeitupa kwenye besi.

MWALIMU: Kuna... kuna safu ya tatu. Oksidi zinazopigana na zote mbili, asidi na besi. Alumini imo. Zinki imo.

DADA: Kumbe ulijua!

MWALIMU: Muhula ulikuwa unaisha, na mtihani huwa hauulizi—

DADA: Jicho la mpwa wako limeuliza!

MWALIMU: (anashusha pumzi) Jumatatu nitalirudia somo.

DADA: Jumatatu? Leo Ijumaa! Kesho asubuhi mtaa mzima unapika sabuni ya soko. Watoto arobaini wana daftari hilohilo, na sisi mama zao hatujui kemia, tunawaamini wao.

MWALIMU: Mungu wangu.

DADA: Toka sasa hivi. Mlango kwa mlango.

MWALIMU: Nitawaambiaje, dada? Kwamba mwalimu mzima...

DADA: Hivyohivyo. Kwamba uliruka safu.

MWALIMU: Na yeye... anasemaje juu yangu?

DADA: Unadhani kwa nini napiga kwa simu ya jirani? Yangu kaikumbatia kitandani, nisikupigie. Anasema amekosea yeye. Mjomba hakosei.

MWALIMU: Navaa viatu.

DADA: Anzia kwa fundi cherehani, mkewe huloweka kostiki mape—

MWALIMU: Dada? Haloo? ...Dada?