Punje ya Odile

Hapa kijiweni kwetu Kamachumu hatudanganyiki kirahisi. Leo ni siku ya nne Mzee Rutaihwa anaweka kiberiti juu ya benchi, kimekuja kwa posta kutoka Ufaransa, ndani mna punje moja kavu ya buni na barua ya Kiingereza iliyokunjwa ikawa ndogo. Miaka arobaini anatuambia kwamba alipokuwa mpishi wa balozi kule Paris alichanjiana udugu na Odile Marchenoir, mwimbaji na mwigizaji. Omukago wa Kihaya kabisa: tunda moja la buni, punje mbili, kila mtu na yake, na tone la damu. Mimi sijawahi kumwamini, wala sioni haya kusema.

Ishengoma, tunayemwita Mpelelezi kwa sababu aliwahi kulinda geti la polisi, akaigeuzageuza ile punje.

— Punje ya omukago inamezwa. Hii mbona nzima?

— Aliogopa damu, akasema Rutaihwa. Alisema ataimeza siku akija Kamachumu.

— Ehee. Miaka arobaini hajapata nafasi?

Mzee akatueleza tena: binti wa muuza samaki, kaanza kuimba baa ana miaka kumi na sita, katoa santuri, kaingia kwenye filamu, na karibu zote anakufa kabla ya mwisho. Hapo Mpelelezi akapata pa kushika. Mtu aliyezoea kufa kwa mshahara, akasema, hata kifo hiki cha Odile, alichokiandika mwanawe kwenye barua, ni cha kuigiza. Mwesiga Redio, ambaye hazimiki, akaongeza kwamba mama huyo yuko visiwani huku Muleba, anauza dagaa na anajiita Paskazia. Mimi nikasema buni hiyo imetoka shambani kwa Rutaihwa mwenyewe, na mhuri wa posta unachongwa. Tukacheka sana. Mzee alikuwa anafunga kiberiti chake taratibu.

Jesca, muuguzi mgeni wa hospitali ya Rubya, alikuwa pembeni anasubiri bodaboda, kikombe chake cha kahawa mkononi. Akamwamkia mzee, akaomba barua, akaisoma yote. Kisha akatugeukia.

— Kwa hiyo ndugu yake amefariki. Mmeshampa pole?

Redio akakohoa. Ndipo nikaelewa mzee alikuwa anafuata nini hapa siku zote nne, na aibu ikanishika. Nikatafuta pa kuanzia. Mzee alikuwa ameshasimama, kiberiti mfukoni, anaelekea kwake.