Waya wa Sauti ya Shemeji

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa chake bado kipo, na anayechelewa ndiye anayekikalia. Mimi sichelewi. Wa kudumu tuko watatu, ukimtoa muuza kahawa ambaye hutusikiliza kwa mgongo. Kuna Profesa, fundi wa pancha za baiskeli, hajawahi kushindwa swali maishani. Kuna Antena, mrefu mpaka mvua inaanzia kwake. Halafu niko mimi, ambaye shule niliipitia kwa nje tu, lakini hakuna kitu chenye waya duniani kisichonipigia saluti. Jioni ile kulikuwa na mawingu mazito, barabara imelowa, na Fundi Cherehani akaja tena na mfuko wake wa nyaya. Akakaa kwenye kitasa bila kulalamika.

— Waya umekataa? Profesa akamuuliza.

— Umekataa.

Huo ulikuwa waya wa tano, na zote tano tulimchagulia sisi. Mkewe, ambaye sote tulimwita Shemeji, alifariki miezi mitatu nyuma. Alipokuwa hai yeye ndiye aliyepima wateja, na kwa kuwa Fundi hajui kusoma, vipimo hakuviandika. Alivisema kwenye kompyuta ikarekodi, na mumewe akavisikiliza kwenye redio kubwa ya kabatini huku anakata kitambaa. Kiuno thelathini na nne, bega kumi na nane, huyu mguu wake mmoja mfupi, usimwambie. Mtaa mzima tulijua viuno vya wenzetu. Siku ya mazishi, katika zile purukushani, waya uliounganisha kompyuta na redio ulikatika. Upande wa kompyuta ulibaki, una kipini kimoja chembamba. Upande wa redio ulibaki huko huko nyuma ya kabati.

Bila redio, kompyuta inalia kama mbu ndani ya chupa, na masikio ya Fundi yameliwa na cherehani miaka thelathini. Spika ndogo za kuvaa masikioni alijaribu, akasema anasikia mvua tu.

Shida haikuwa vipimo. Nguo za watu alishazimaliza kwa kukisia, na wapo wanaotembea wamebanwa makwapa mpaka leo, wanamwonea haya kumwambia. Shida ilikuwa mwisho wa ile rekodi ya mwisho.

— Anataja mkono, anataja shingo, Fundi alitueleza. Halafu anakohoa. Halafu ananiambia, "Sikiliza, mume wangu." Hapo anasema kitu. Anasema kirefu tu, sikipati.

Antena, kwa wema wake, akajitolea aende yeye amsikilizie. Fundi alimwangalia mpaka Antena akapungua urefu.

— Neno la mke wangu ulisikie wewe kwanza?

Tukanywa kahawa. Fundi akaongeza kwa sauti ya chini kwamba na kompyuta yenyewe inaelekea kufa. Asubuhi ile ilikuwa imewaka kwenye jaribio la sita, baada ya kubembelezwa kama mgonjwa anayekataa uji.

Basi ikabidi tumsaidie, maana sisi si watu wa kumwacha mwenzetu. Profesa akasema kosa ni unene. Sauti ni maji, ukiipitisha kwenye mrija wa soda itatoka kama mate. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo atafute waya mnene kama kidole gumba, wa kuchomelea vyuma ikibidi.

Antena akakataa. Kosa ni urefu. Sauti inazeeka njiani, alisema, ndiyo maana mtu akikuita kutoka mbali unamsikia kama bibi yake. Ukinunua mita tatu, Shemeji atafika amechoka.

— Alishachoka, Fundi alisema. Miezi yote ile ya mwisho alikuwa amechoka.

Hapo nikaona niingie mimi kuokoa mazungumzo. Nikawaambia habari ya dhahabu. Nyaya za uwanja wa mpira nilizozitandaza kwa mikono hii zilikuwa na ncha za dhahabu, na nilipopuliza kipaza sauti kujaribu, kunguru saba walianguka, na goli la upande wa pili likahama hatua mbili. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waya usiong'aa usiuguse.

Profesa akauliza wale kunguru nilihesabu saa ngapi. Nikamwambia nilikuwa nimebeba ngazi mkono mmoja, mkono mwingine ulikuwa wa kuhesabia. Mtu aliyeinua lori la saruji kwa bega, peke yake, likiwa limekwama, hawezi kushindwa na kunguru.

Antena akaruka kwenye nyaya za mwanga. Ameona mmoja, una taa nyekundu mdomoni, sauti inapita humo bila kuguswa na mtu. Profesa akasema sauti ya marehemu haifai kupitishwa kwenye taa nyekundu, itaungua. Wakashikana kwa ubishi hapo. Fundi alikuwa anageuza shingo kwa kila anayesema, anajaribu kukamata midomo yetu, kama anayesomewa matokeo ya hospitali.

Alikuwepo mama mmoja amesimama kwa muuza kahawa, anasubiri kujaziwa chupa. Mgeni, kahamia nyuma ya mashine ya kusaga wiki hiyo, kazi yake kufanya usafi maofisini.

— Samahani kaka zangu, alisema. Hiyo redio nyuma ina matundu ya namna gani?

Profesa akafungua mdomo. Antena akaangalia viatu vyake, ambavyo viko mbali.

— Nafuta vumbi nyuma ya mitambo ya watu kila siku, mama akaendelea. Matundu hayafanani. Mtu anaangalia, halafu ndiyo ananunua. Nani ameyaona?

— Alikuwa anachomeka yeye, Fundi alisema. Mimi napapasa kwa mkono, na mkono hauingii vizuri. Kabati limebana ukutani. Peke yangu haliji.

Mimi kabati lile nalijua. Siku ya mazishi jeneza lilikataa kupita sebuleni, na sisi watatu ndio tuliolisukuma kabati, tukalibana ukutani. Kitu kilikatika nyuma, tik, nikakisikia. Tukatoka na Shemeji, na hatujarudi kuingia nyumba ile. Miezi mitatu. Ni milango minne kutoka hapa benchini.

— Kwani linahitaji watu wangapi? mama akauliza.

— Wawili, Fundi akamjibu.

Akatuangalia midomo, mmoja mmoja. Profesa akaanza, "Wahenga walisema," hakumaliza. Nilikuwa na habari ya lile lori mdomoni, nikaimeza na machicha ya kahawa.

Mama akafunga chupa yake, akashika mkono mmoja wa mfuko wa nyaya, Fundi akashika wa pili, wakaondoka. Muuza kahawa akageuka kwa mara ya kwanza jioni ile, akatunyang'anya vikombe. Kahawa imekwisha, akasema. Tukabaki pale, masikio yameelekea mlango wa nne, hakuna anayepumua kwa nguvu.