Kisigino Chini ya Blanketi

Kosa langu la kwanza lilikuwa blanketi. Nalitaja mapema kabla sijaogopa, maana maneno haya nimeyaandika mara nne. Nivumilieni, wapendwa. Wengi wenu mliokaa hapa mnauguza watu nyumbani, mtanielewa.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Tunaishi chumba kimoja Mbotela, hapa Nairobi. Kila siku ya kliniki nilitafuta vijana wawili wambebe kwenye kiti hadi kliniki ya Jogoo Road, naye akijifunika uso kwa leso ili majirani wasimwone. Kliniki iliposema kwamba bima ya umma sasa inalipia daktari amwone kwa video akiwa kitandani kwake, nililia. Kila Jumanne asubuhi, daktari akawa anatupigia.

Ndugu zangu, mimi hutaka kila kitu kiwe sawa. Sikusomea uuguzi, nilijifunza kwa kutazama video na kusoma karatasi za dawa. Jumanne nilimwosha mama, nikamchana nywele, nikatandika shuka nyeupe, nikaifunga simu kwenye mgongo wa kiti ili ionyeshe uso na mkono wake mzima, wa kulia. Jirani yetu, ambaye anamuuguza mumewe, alichungulia akanicheka: "Niaje, leo ni picha ya pasipoti?" Nami nikacheka. Nilijivunia.

Kisha kisigino cha mama kikawa chekundu kwa kulaliwa. Nikachemsha maji ya chumvi, nikakisafisha. Kikapasuka. Na jirani alikuwa amesikia kwamba kidonda kikionekana, bima inasema utunzaji wa nyumbani umeshindikana, video inakatwa, unarudi kubeba mtu. Hakuwa na ubaya, naye aliambiwa. Sikuuliza kliniki. Niliogopa jibu. Na niseme ukweli: niliogopa zaidi daktari aone kwamba nimeshindwa.

"Ngozi iko vipi?" daktari akauliza. "Kuna mahali pamechubuka?"

"Hapana, daktari. Iko safi."

Nilijibu hivyo Jumanne tatu, blanketi likiwa juu ya miguu. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa kulala ukiwa umekaa. Chumba kikaanza kunuka. Nikaweka maganda ya limau dirishani.

Jumanne ya nne daktari aliuliza tena. Maneno ya mama hutoka kwa shida, lakini aliniita. Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake.

"Baba. Unamficha nani?"

Akanyoosha mkono wake mzima, akalivuta blanketi likaanguka sakafuni. "Mwonyeshe."

Nikaifungua simu kutoka kwenye kiti. Nikaielekeza kwenye kisigino.

"Sogeza karibu. Karibu zaidi. Kijana, hiki ni cha lini?"

Nikamwambia yote, hata lile la kukatiwa video.

"Nani alikuambia hivyo? Ungenionyesha wiki ya kwanza, ningekuombea muuguzi aje hapo nyumbani. Bima inamlipia. Sasa mlete leo hii, tusije tukaupoteza mguu."

Nikawatafuta tena wale vijana wawili. Safari hiyo mama hakujifunika uso. Mimi ndiye niliyetembea nikiangalia chini.

Alilazwa siku tisa. Wakakwangua nyama iliyooza, lakini mguu haukukatwa. Daktari akaandika ombi, bima ikakubali, muuguzi akaanza kuja kubadilisha bandeji. Video ya Jumanne haikukatwa hata mara moja. Nilikuwa nadanganya kulinda kitu ambacho hakikuwa hatarini, wapendwa, na mguu wa mama ukawa hatarini kwa sababu yangu.

Namshukuru muuguzi huyo, aliyenifundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili bila kunidharau. Namshukuru jirani, amekaa pale nyuma, aliyefua shuka zetu siku zote tisa. Namshukuru mama.

Nawaomba hivi: la bima, waulizeni kliniki, msituulize sisi majirani wa mlangoni. Na simu hainusi. Daktari anajua kile tu unachomwonyesha.

Bado nachoka. Kidonda hakijafunga chote, na shuka si nyeupe kila Jumanne. Lakini daktari akipiga, kabla hajauliza lolote, naanza na kisigino.