Walivyomnyamazia Mwimbaji wa Saltcote

Siku ile kwenye benchi la nje ya duka la kufulia nguo, pale Morecambe, mji wa pwani ya Uingereza, walikuwapo Norman, fundi redio mstaafu waliyemwita Antena. Glenys wa kwaya ya kanisa, waliyemwita Sauti ya Pili. Dougie Koni, aliyeuza aiskrimu kwa gari tangu ujana. Na Keeley, mama kijana, na mwanawe Alfie kwenye kigari. Mgeni, Imran, alikuja baadaye. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ghubani ukameza barabara nusu, na mashine za kukaushia zilipumua hewa ya joto migongoni mwao, yenye harufu ya sabuni, mpaka mtu akawa hajui kama yuko macho au anaota. Glenys alimimina kahawa. Kikombe cha Keeley alikitia maziwa mengi bila kuulizwa, maana aliyaona macho yake mazito kwa usingizi.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa limeegeshwa gari la kuhamishia vyombo, mbele ya nyumba ya Martin Threlfall.

— Kumbe anahama kweli, alisema Dougie.

— Jumatatu, alijibu Keeley. Anakwenda kwa dada yake, mji wa Kendal.

Keeley alijua zaidi ya hapo. Wiki iliyopita Martin alimsaidia kupandisha kigari ngazini, akamfunika mtoto vizuri, kisha akasema tu, kama mtu anayezungumza na mvua: "Miaka yote hii, sidhani kama kuna mtu mtaa huu aliyewahi kunisikia nikiimba. Bora niende." Keeley alitaka kumwambia kwamba Alfie hapati usingizi mpaka awekewe wimbo wa Martin mwenyewe. Ulimi ukagoma. Akasema, "Leo baridi."

Martin ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Saltcote, bendi ya vijana wanne wa mji huu huu. Walianzia sebuleni kwa mama wa mpiga ngoma, wakafika London, wakafika Japani, wakatoa albamu tatu zenye sauti ya taratibu, kama mtu anayeimba chini ya maji. Mpiga gita alipofariki, wakatawanyika. Martin peke yake ndiye aliyerudi.

Pale benchini wakaliangalia lile gari la vyombo. Kisha, kama kawaida yao jambo likiwa zito, wakaanza kubishana.

— Ile sauti, alisema Antena, watu wanaandika magazetini eti waliiga Wajerumani, eti waliiga Wamarekani. Uongo mtupu. Ilitoka kwangu mimi. Waliniletea gramafoni niitengeneze, nikafunga mkanda uliolegea. Santuri zote wakazisikia polepole, wakadhani muziki ndivyo ulivyo.

— Yaani ufundi wako mbovu ndio uliowapa umaarufu?

— Cheka tu, Glenys. Bila mimi wangekuwa wanapiga harusini.

— Sikiliza, baba. Martin alisimama nyuma yangu kwenye kwaya akiwa na miaka tisa. Kanisa lilikuwa baridi kama jokofu. Mtoto akivuta pumzi, noti inachelewa. Ile pumzi ndiyo unayoisikia kwenye albamu ya kwanza. Ni baridi ya kanisa letu.

— Basi mngewauzia na baridi yenyewe!

— Dougie, kunywa kahawa yako.

Dougie hakunywa. Aliutazama ukungu kama mtu anayemwona ndugu yake akija kwa mbali.

— Ilikuwa betri, alisema.

— Betri gani tena?

— Ya gari langu. Kiangazi kile ilikuwa inakufa. Kengele ya kuitia wateja, ile yenye wimbo, ikawa inajikokota, inalia kama inaota. Watoto wote wanakimbia, lakini wale wanne wanakaa ukutani wanasikiliza tu. Nilinunua betri mpya, nikaona nyuso zao zimeanguka. Nikairudisha ile ya zamani. Nilipoteza wateja kiangazi kizima.

Hakuna aliyecheka. Keeley alimwangalia mzee yule, akatamani kumshika mkono.

Wakati huo alikuwa amekwisha fika kijana mwenye mkoba mgongoni na beji ya Saltcote kifuani. Alisema anaitwa Imran, ametoka Bradford kuja kuuona mji uliozaa nyimbo zile. Walimsogezea nafasi mahali hewa ya joto ilipotoka, koti lake likauke.

Mara Martin mwenyewe akatokea ndani ya ukungu, mkate kwapani. 

— Ukungu leo, alisema Antena.

— Umezidi, alisema Martin.

— Utaondoka mchana, alisema Glenys.

— Labda.

Martin aliinama, akamvika Alfie soksi iliyokuwa inamtoka, akavuka barabara.

— Lakini yule si...! Imran alishtuka.

— Shh! alisema Glenys. Mwache, mwanangu. Amekuja kupumzika. Hapa hatumsumbui mtu kwa umaarufu wake. Nilishawafukuza waandishi wawili kwa mwavuli huu.

— Tumemtunza, aliongeza Antena kwa fahari. Hajasikia hata neno moja la Saltcote kwetu.

Imran aliwatazama mmoja mmoja.

— Na mmewahi kumwambia kwamba mnazipenda nyimbo zake?

 Glenys akainamisha chupa kwenye kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja la kahawa. 

Keeley akasimama. Akakisukuma kigari hadi ng'ambo, akabisha mlango uliokuwa wazi. Ndani kulikuwa na makasha tu.

— Huyu halali mpaka nimwekee sauti yako, alisema haraka, kabla ulimi haujagoma tena. Kila siku. Na mimi mwenyewe hulala hapo hapo, nikiwa nimevaa viatu.

Martin aliuweka mkate juu ya kasha. 

— Kila siku?

— Kila siku. Na wale pale wanakugombania tangu sijazaliwa.

Martin akachungulia. Kwenye benchi, wazee watatu walikuwa wakiangalia juu angani, kama watoto waliovunja kioo.

— Wanasemaje?

— Nenda ukawasikie mwenyewe.

Martin alihama Jumatatu, kama alivyopanga. Alhamisi akarudi kwa basi, akaketi kati ya Glenys na Dougie, akawaeleza ile sauti ilitoka wapi. Wakamwambia amekosea.