Fundi Aliyekataa Kusema "Imebaki Vifungo Tu"

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi mama mmoja wa mtaa wetu alifungua dirisha, akaitia cherehani yake mafuta, akaomba kwa sauti ndogo, kisha akaanza kushona. Asubuhi moja uzi ulimponyoka vidoleni. Akamwita mumewe. "Baba watoto, mkono huu umegoma." Hakushona tena. Wiki iliyopita tulimzika.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Sijaanza, na jina hilo alilipata kwa haki. Mafundi mnaonisikiliza, mnisamehe, lakini tunawajua. Mtu akiulizia nguo yake mnamwambia, "Imebaki vifungo tu." Kumbe kitambaa bado kimekunjwa vilevile alivyokileta. Fundi wetu yeye alikuwa akiinua macho na kusema, "Sijaanza, mwanangu. Nisamehe."

"Si ungenidanganya kidogo, mama, nikalale na furaha?" mteja mmoja alimtania.

"Yesu hakai kanisani tu, yupo na hapa dukani. Nikikudanganya wewe, yeye anasikia," akajibu. Kisha akacheka. "Halafu kesho utarudi, unikute na aibu mbili."

Binti yake analikumbuka gauni moja la harusi. Pasi iliunguza pindo kwa ndani, doa dogo kama ukucha.

"Mama, huko chini nani ataona?"

"Nimeshaona mimi."

Akamwita bibi harusi, akamwonyesha. Bibi harusi alinuna, akachukua gauni lake, na nguo za wasimamizi akazipeleka kwa fundi mwingine. Ndiyo, wasikilizaji. Siku ile ukweli haukumletea kitu. Usiku alisali kama kawaida, asubuhi akafungua dirisha.

Mimi naikumbuka sauti ya cherehani ile. Nilikuwa nikipita pale nikienda shule, na ikinyamaza nilijua anazungumza na mteja, anamwambia jambo asilopenda kulisikia.

Kwa mumewe, kwa binti yake, kwa waumini wenzake, poleni sana. Mungu awafute machozi. Nasi tuliobaki tujiulize, kwa upole tu: leo tumesema "niko njiani" mara ngapi, na miguu bado imo ndani ya shuka?

Nawaachia jambo moja, alilonisimulia binti yake. Hospitalini, kila aliyeingia alimwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri. Mumewe pia, dereva mstaafu, mtu wa maneno machache. Daktari alikuwa amekwisha kumweleza mume kila kitu, lakini kila jioni mzee alikaa kitandani pa mkewe na kusema, "Utapona tu, mama watoto."

Jioni moja mkewe akamtazama, akatabasamu.

"Baba watoto, hiyo ni 'imebaki vifungo tu.'"

Mzee akacheka. Kisha akainamisha kichwa.

"Daktari amesema hutapona, mke wangu," akasema. "Na mimi naogopa. Sijui nitaishije kwenye nyumba usiyokuwamo."